Harufu ya Matufaha Mwaka Usio na Matufaha

Jumatatu, 18 Julai 1988

...na jibu langu, Bibi Lempi, ni lile lile nililokupigia kelele sikioni siku ya harusi bendi ilipokuwa ikipiga: ndiyo, nina furaha, ndiyo, ananipenda, na hapana, hakoromi. Uliniambia niandike kwenye daftari hili kisha nije nikusomee hapo kwenye nyumba ya wazee, kwa kuwa macho yako yamezikataa herufi na wauguzi wanasoma kama watu wanaotangaza basi. Haya, naanza. Uvumilie, maana mjukuu wako amelewa mapenzi.

Tunaishi ghorofani, juu ya baba mkwe Kalervo na mama mkwe Hilkka, katikati ya shamba lao la vitunda vyeusi vya herukka. Dirishani naona mistari ya vichaka hadi ziwani, na ng'ambo ya ziwa bara, tunakofika kwa kivuko kutoka kisiwani kwetu hapa. Rauno wangu akipanda trekta asubuhi, anageuka mara tatu kunipungia mkono. Mara tatu, Bibi! Nimehesabu. Ana miaka ishirini na saba na mabega kama mlango wa ghala.

Kitu kimoja tu kinanisikitisha. Sakitu iliyogandisha kila kitu usiku mmoja, wiki moja kabla ya harusi, iliua maua yote ya mitufaha nyuma ya nyumba. Mama mkwe alisimama dirishani akasema, "Mwaka huu hakuna tufaha," basi, akarudi kumenya viazi. Ndivyo alivyo. Maneno yake huyatoa kama anayetoa meno.

Jumamosi, 23 Julai

Siku ya sauna. Wanaume waliingia kwanza kwenye chumba cha mvuke, kisha sisi wanawake, kisha sote tukakaa barazani tukifuka mvuke kama viazi vilivyoepuliwa. Rauno alikunywa jagi zima la sharubati ya herukka bila kupumua, akaomba la pili.

"Tazameni huyu bwana harusi!" akasema baba mkwe. "Anakunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni."

"Ndoa ni moto, baba," akajibu Rauno, akanikonyeza. Niliona haya hadi masikioni. Nilimpelekea jagi la tatu kwa mikono yangu mwenyewe, na aliponipokea vidole vyetu vikagusana kwenye ubaridi wa kioo. Nitalikumbuka jagi lile hata nikiwa na umri wako.

Jumatatu, 25 Julai

Mavuno yameanza. Nilichuma pembeni ambako mashine haifiki. Mikono ya zambarau.

Jumapili, 31 Julai

Pete ya Rauno imelegea! Ilianguka alipokuwa akinawa, tukaisikia ikicheza ndani ya beseni. Baba mkwe alicheka hadi akashika meza: "Mke anamla mumewe! Mwezi mmoja tu, umebakiza mifupa!" Nami nikacheka. Kisha nikachukua uzi mwekundu wa sufu kwenye kapu la kufuma, nikauzungusha kwenye pete kwa upande wa chini, mizunguko mitatu, ikamkaa sawasawa. Alinibusu kidole kimoja kimoja. Sasa amevaa dhahabu na kazi ya mikono yangu kwa pamoja.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe mgongoni, pale shati linaponing'inia.

Jumatano, 3 Agosti

Anaamka usiku kunywa maji na kwenda nje. Mara nne jana. Kila akirudi miguu yake ni baridi na anaomba nimpashe joto. Silalamiki, Bibi.

Jumamosi, 6 Agosti

Mama mkwe ameniuliza swali ambalo hata wewe usingethubutu. Tulikuwa jikoni, sufuria ya mvuke ya ghorofa tatu ikichemka: maji chini, sharubati katikati, matunda na sukari juu, na kile kimpira chekundu kikitiririsha chupani. Bila kuinua macho akasema:

"Mume wako anaamka mara ngapi usiku?"

Nilikaribia kuidondosha chupa. "Mama!"

"Nimeuliza tu."

"Mambo ya chumbani kwetu ni ya chumbani kwetu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyotaka. Alifunga chupa, akaipanga na zingine. Leo tumetoa chupa thelathini na mbili. 

Rafiki zangu walinionya juu ya kuishi na mama mkwe. Nilidhani ni wivu wao.

Jumanne, 9 Agosti

Joto kali. Rauno amegonga nguzo ya lango kwa trekta, nguzo iliyosimama pale tangu baba yake alipokuwa mtoto. Anasema aliona nguzo mbili akapita katikati. "Kapime macho," nikamwambia. "Baada ya mavuno," akajibu.

Ijumaa, 12 Agosti

Mizunguko saba ya uzi.

Nimempikia supu ya samaki kwa maziwa na bizari, mkate mweusi, kisha chapati za maji zenye jamu. Alikula sahani tatu, na bado suruali imefungwa kwa kamba. Je, kuna mtu anayekula hivyo na akakonda? Baba mkwe anasema yeye pia alikonda mwaka aliooa. Mama mkwe akasema, "Hukukonda. Ulinenepa kama pipa." Wote wakacheka, hata Rauno, lakini alicheka akiwa amefumba macho.

Jumatatu, 15 Agosti

Bibi, nina hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Leo mezani hapakuwa na sharubati. Maji tu. Chupa zote thelathini na mbili zimehamishwa kutoka kabati la jikoni, na ufunguo wa ghala la chini uko kwenye mfuko wa aproni ya mama mkwe. Rauno alirudi shambani midomo imepasuka, akauliza iko wapi. Mama yake akasema, "Kunywa maji."

"Mama, nimefanya kazi tangu alfajiri."

"Maji, Rauno."

Mwanawe mwenyewe! Anayemvunia matunda yenyewe! Baba mkwe alitazama sahani yake. Hapa nyumbani watu hutazama sahani kana kwamba zina maandishi.

 Alasiri nilikwenda dukani kwa baiskeli, nikanunua chupa mbili kubwa za sharubati, nikamimina kwenye chupa ya chai, nikampelekea shambani. Alikunywa yote. Aliegemeza kichwa begani kwangu katikati ya vichaka, akasema, "Wewe ndiye kisima changu." Nilitaka kulia kwa furaha. Nitampelekea kila siku. Huyo mwenye ufunguo abaki na ufunguo wake.

Jumanne, 16 Agosti

Nimempelekea.

Jumatano, 17 Agosti

Nimempelekea. Alikuwa amelala chini ya trekta, mashine ikinguruma juu yake. Nilimwamsha kwa busu, akashtuka akanisukuma. Kisha akaomba radhi.

Nilipokuwa nikirudi nilimkuta mama mkwe nyuma ya sauna, amesimama akitazama chini kwenye nyasi. Pale ndipo wanaume wanapokwenda haja ndogo wakiona choo ni mbali. Alisimama muda mrefu. Aliponiona akaondoka. Nilikwenda kutazama: sisimizi wekundu tu, wengi mno, wanakwenda na kurudi kama watu wa sokoni. Pana nini cha kutazama?

Jumamosi, 20 Agosti

Tumegombana mara ya kwanza. Nilitaka kuongeza uzi, pete imeanza kucheza tena, akasema, "Acha kunifunga nyuzi kama kifurushi!" Akatoka akapiga mlango. Nililia nusu saa. Akarudi, akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani pangu. Akasema amechoka tu, misuli ya miguu inamkaza usiku. Nikamwambia aende kituo cha afya.

"Baada ya mavuno."

"Mavuno yamebaki siku ngapi?"

"Wiki. Matunda hayangoji, Tuija. Yakidondoka yamedondoka."

Na sasa jambo zuri, nisikuachie machungu tu. Tulipopatana akanibusu, na Bibi, pumzi yake inanukia matufaha! Yale yaliyoiva sana, yaliyolala kwenye nyasi siku mbili tatu. Nikamtania, "Umeyaiba wapi?" Akasema hajala tufaha tangu Krismasi. Basi ni yeye mwenyewe. Mume wangu ananukia bustani! Nimeandika haya hapa nisije nikayasahau nikizeeka.

Jumanne, 23 Agosti

Mizunguko kumi na moja. Hakugeuka kunipungia mkono. Hata mara moja.

Alhamisi, 25 Agosti

Amerudi kutoka shambani saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ametapika. Baba mkwe anasema homa ya tumbo inazunguka kisiwani, nusu ya darasa la shule wameipata. Nimempa sharubati kwa kijiko, kwa siri, kila robo saa. Anaitapika.

Ijumaa, 26 Agosti

Bado anatapika. Maji anayaomba kwa macho. Mama mkwe amepanda ngazi mara tano, kila mara anasimama mlangoni, anatazama, anashuka. Nilitamani kumwambia: ama uingie ama uondoke.

Jumapili, 28 Agosti, hospitali, kiti cha korido

Bibi, nataka kuyaandika kwa mpangilio, kwa sababu daftari hili limefanya kazi ambayo mimi wala wewe hatukuijua.

Jana ilikuwa Jumamosi. Saa tisa baba mkwe akawasha sauna. "Kisichoponywa na sauna, lami na pombe, hicho ni cha kaburi," akasema, kama walivyosema wazee wake wote. Akapanda ngazi kumchukua Rauno. Walishuka polepole, mkono wa mwanawe shingoni mwake, na niliona miguu ya mume wangu ikiburuta kama ya mwanasesere. Hata hivyo niliwatangulia kuweka taulo. Niliamini, Bibi. Sisi sote tumezaliwa saunani, na sauna haijawahi kumdhuru mtu ninayemjua.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa sauna. Ameziba mlango wote.

"Haingii," akasema.

"Hilkka, sogea. Mtoto anatetemeka."

"Nimesema haingii. Jasho litamwua. Hana maji ndani yake."

Sijawahi kumsikia akitoa sauti ile. Baba mkwe alisimama na mdomo wazi. Ndipo mama mkwe akanigeukia mimi, na si kwa ukali, Bibi, bali kama mtu anayeomba.

"Tuija. Wewe unalala naye. Mdomo wake unanukiaje?"

Nikasema kweli, na hata wakati ule niliona haya: "Matufaha."

"Matufaha gani?"

Nikageuza macho kuelekea nyuma ya nyumba. Mitufaha imesimama, majani matupu. Sakitu ya mwezi wa sita. Hakuna hata moja, kwetu wala kwa jirani. Nilijua jambo hilo tangu Juni. Nimeliandika humu kwa mkono wangu. Na bado nilibusu harufu ile nikaiita bustani.

"Urho alinukia hivyo," akasema mama mkwe. "Mdogo wangu. Mwezi wa pili, mwaka wa arobaini na tatu, theluji kiunoni. Mama alidhani ameiba matufaha makavu ghalani, akamchapa. Tarehe kumi na nne tulimzika. Alikuwa na miaka tisa. Kisukari." Akalirudia neno, taratibu, kama anayejaribu barafu kwa mguu. "Kisukari."

"Lakini huo wa Urho ulikuwa wa watoto," akasema baba mkwe. "Na wa watu wazima ni wa wanene. Huyu amebaki mti."

"Nami nilijiambia hivyo hivyo wiki tatu nzima. Nikajiambia nikilitaja nitaliita. Wiki iliyopita nikaona sisimizi nyuma ya sauna wakinywa mkojo wa mwanangu kama asali, na bado nikanyamaza. Leta gari, Kalervo. Usinijibu. Leta gari!"

Mwenyewe akaenda kupiga simu. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa pili wa wilaya. Wangefika baada ya saa moja na nusu. Wakatuambia tumlete, watatulaki njiani.

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani pangu. Alikuwa akipumua kwa nguvu na kwa kina, kama mtu anayepanda mlima kwa haraka, ilhali amelala. Harufu ya matufaha ikajaa gari lote. Baba mkwe akafungua dirisha. 

Kwenye gati, kivuko kilikuwa ng'ambo. Kimefungwa, taa nyekundu. Tukatazamana sote watatu, maana sote tulijua: saa kumi ya Jumamosi, mwendesha kivuko Taisto hupumzika, na akipumzika Jumamosi huwa saunani kwake, upande ule. Baba mkwe akapiga honi. Akapiga tena. Maji yalikuwa yametulia hivi kwamba honi ilikwenda ikarudi. Mama mkwe alitoka garini, akavua aproni yake nyeupe, na mwanamke huyu asiyepunga hata mkono akisalimia, akasimama kwenye ncha ya gati akiizungusha ile aproni juu ya kichwa kwa mikono miwili, akipiga kelele za jina la Taisto hadi sauti ikakatika.

Nilihesabu pumzi za Rauno. Nilifika mia mbili na sita ndipo nikaona mlango wa ile sauna ukifunguliwa.

Taisto alivuka akiwa na suruali na taulo shingoni, nywele zikichuruzika. "Nani anakufa?" akapiga kelele kutoka mbali, nusu mzaha.

"Mwanangu!" akajibu mama mkwe.

Hakutania tena. Alikiendesha kivuko kile kana kwamba kina miguu.

Katikati ya maji nikashindwa kuzuia. "Mama," nikasema, "nimekuwa nikimpelekea sharubati. Kila siku. Kwa siri. Ulipofunga ghala nikanunua dukani. Nilidhani unamnyima."

Nilingoja anipige kofi. Angenipiga ningemshukuru. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, akageuka, mkono wake ukapita kati ya viti ukakamata goti langu.

"Nami nilimpelekea Urho," akasema. "Kwenye kikombe cha bati. Mama alikuwa amekataza asinywe kitu kitandani, yeye akilia kiu. Miaka arobaini na mitano sijamwambia mtu."

Tulishikana hivyo hadi ng'ambo, ambako gari la wagonjwa lilikuwa linafika.

Hospitalini alitoka daktari, msichana wa umri wangu, akachoma kidole cha Rauno. Damu yenye sukari thelathini na sita, wakati mtu mwenye afya ambaye hajala huwa na tano. Dripu mbili, insulini, watu wanne wakimkimbilia. Kisha akatujia koridoni na kalamu.

"Dalili zilianza lini?"

"Alhamisi," akasema baba mkwe.

"Wiki tatu," akasema mama mkwe.

Nami nikafungua mkoba, nikalitoa daftari hili. Nilikuwa nikilificha humo mama mkwe asilione. Nikaanza kusoma, Bibi, mbele yao wote: "Jumamosi, tarehe ishirini na tatu Julai. Alikunywa jagi zima bila kupumua, akaomba la pili." Nikasoma habari za pete. Nikasoma habari za miguu baridi kitandani, na baba mkwe akatazama dari. Nikasoma nguzo mbili za lango, sahani tatu za supu, misuli inayokaza, na jinsi nilivyomwita mama mkwe mwenye ufunguo. Nilipofika hapo nilisita. "Soma," akasema mama mkwe. Nikasoma. Nilipofika kwenye busu la matufaha, kalamu ya daktari ikasimama.

"Tarehe?"

"Ishirini Agosti."

Akaiandika. "Yote yamo humu," akasema. "Kiu, mkojo, kukonda, macho, uchovu, hadi hiyo pumzi. Kila kitu na tarehe yake."

Ndiyo. Kila kitu na tarehe yake, na kando ya kila tarehe mimi nikitabasamu.

Sasa ni asubuhi. Hajafungua macho.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Amefungua! Amesema, "Kiu." Muuguzi akampa maji. Maji, Bibi. Nilitazama kila tone likiteremka kooni.

Jumanne, 30 Agosti

Nilimwuliza daktari swali lililokuwa likinitafuna: je, ni sharubati yangu iliyomtia ugonjwa? Akasema hapana. Ni mwili wake wenyewe umeigeukia kongosho, nayo imeacha kutengeneza insulini. Hakuna aliyemletea, wala mimi wala mama yake. Sharubati iliongeza kuni kwenye moto uliokwisha kuwaka. Na aina hii haiangalii umri wala unene. Akasema kama tungeingia sauna, kisha tukalala tukingoja Jumatatu, tusingekuwa tunazungumza.

Nilikwenda chooni nikalia kwa kishindo. Nilipotoka mama mkwe alikuwa ameshika koti langu.

Alhamisi, 1 Septemba

Nimejifunza kudunga sindano kwenye chungwa. Machungwa sita. La saba lilikuwa mguu wa Rauno. "Chungwa halikupiga kelele hivi," nikamwambia. Akacheka hadi dripu ikatikisika. Nimekikosa kicheko kile kuliko mkate.

Jumapili, 4 Septemba

Tumepita nyumbani leo, kumbe mavuno yamekwisha. Siku tulizokuwa hospitalini, watu wa kisiwa walikuja bila kuitwa, Taisto mbele akiendesha trekta yetu, wakamaliza mistari yote. Hakuna aliyeacha jina. Jikoni tumekuta mkate tu, umefunikwa kitambaa.

Jumatano, 7 Septemba

Yuko nyumbani. Ananuka sabuni ya hospitali na hakuna harufu ninayoipenda zaidi duniani.

Jumapili, 11 Septemba

Si rahisi, nisikudanganye. Jana sukari ilimshuka ghafla kabla ya chakula. Akatoka jasho, akaanza kunitukana kwa upole kama mlevi. Nilisimama nimeganda. Mama mkwe akafungua lile ghala, akaleta chupa moja ya sharubati, akanipa mimi mkononi. "Sasa," akasema. "Sasa ndiyo, glasi moja." Nikamnywesha. Baada ya robo saa alikuwa Rauno tena. Kwa hiyo ile chupa iliyokuwa adui sasa inakaa kando ya kitanda, na mimi na mama mkwe sote tuna ufunguo wa ghala. Wa kwangu aliuchongesha bila kuniambia. Nimeukuta kwenye kapu langu la kufuma.

Usiku naogopa bado. Namgusa shingoni kuona kama ana jasho. Nanusa pumzi yake. Yeye anajifanya amelala, kisha anasema gizani, "Vipi, bustani imechanua?" nami nampiga kwa mto.

Leo mama mkwe aliniomba nimsomee sehemu iliyobaki ya daftari, jikoni, kazi imekwisha. Nilimsomea yote. Niliposoma kwamba maneno yake huyatoa kama anayetoa meno, akasema, "Hilo ni kweli." Kisha akanionyesha picha ya Urho. Ana masikio ya Rauno.

Jumamosi, 17 Septemba

Sakitu ya kwanza imeanguka asubuhi, mistari yote ya shamba ni myeupe. Rauno amepanda trekta kwenda kulima. Amegeuka mara tatu. Mara ya tatu amepunga kofia.

Pete, Bibi, nimeanza kuifungua uzi. Kila Jumamosi baada ya kupima uzito anakaa kitini, ananyoosha mkono, nami navuta mzunguko mmoja au miwili. Ilifika kumi na tatu. Leo imebaki tisa. Uzi nauweka humu katikati ya kurasa, usishangae ukiugusa.

Tutakuja kwako kabla mwezi haujaisha, mimi na yeye na mama mkwe, anayesema ana neno la kukuambia, na yeye akisema ana neno, weka kiti vizuri. Tutavuka na kivuko cha kwanza. Usihangaike na keki. Tuandalie maji, na mkate mweusi saa sita kamili, maana sindano yake hutangulia chakula kwa nusu saa. Nitakusomea yote, hata yale ya aibu. Na mkono wa Rauno ukikufikia, ushike, uutafute uzi chini ya pete kwa kidole chako, uniambie imebaki mizunguko mingapi.